Umati Unapohama

Msikilizaji, pamba ikishauzwa na mahindi yakishaingia ghalani, Usukuma huanza kuvuma kwa ngoma. Makundi mawili hushindana kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi upande wake. Waamuzi ni watu wenyewe: anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mama akichoshwa na manju wa huku, anamfunga mtoto mgongoni, anavuka kwenda kule. Manju anamwona akiondoka.

Hivyo ndivyo jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zinavyopimana tangu karne ya 19, enzi za waasisi wake Ngika na Gumha. Wengi wakizitaja ngoma hizi hukumbuka nyoka, nungunungu na dawa za mvuto. Mimi hukumbuka uhuru wa yule mama. Manju anayejua kwamba watu wanaweza kumhama huwaimbia kinachowauma: kodi, bei ya pamba, mkubwa aliyekula cha wote.

Sasa tazama ngoma tunavyozitumia leo. Mgeni rasmi anakuja, kikundi kinasimamishwa juani tangu asubuhi, kinacheza dakika kumi, hotuba inaanza. Au gari linafika na fulana mpya na igizo lililoandikwa mbali. Watu wanaambiwa waketi, wanaambiwa wasiwaoze mabinti, wanaambiwa wapige makofi. Linaniuma jambo hili. Ni ngoma ya watu walewale, lakini wamenyang'anywa haki ya kuijibu.

Ukifuata reli kutoka Shinyanga kuelekea Mwanza unapita Malya, wilayani Kwimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kufanya kazi pale. Hawakufika na igizo mkononi. Waliuliza na kusikiliza, na lililojitokeza likawa ni mimba za wasichana wadogo. Wenyeji walitengeneza maonyesho kwa ngoma zao wenyewe, na ngoma iliponyamaza watu hawakutawanyika, walijadiliana. Mjadala ukavuka tumbo la msichana, ukafika kwa vijana wasio na shughuli ya kuwapa riziki. Mwaka 1996 kina mama hao wawili walianzisha Tuseme, mradi uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuigiza yanayowakwaza shuleni. Jina lenyewe linatosha.

Kwetu yapo ya kusema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo, iliongoza nchini kwa ndoa za utotoni. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ushindi mkubwa huo. Lakini mahari hupangwa jioni, uani, wazee wakihesabu ng'ombe kwa vidole, na pale hukumu haina mdomo. Igizo linao.

Kwa hiyo msimu huu, wenye vikundi hapa Ngokolo, Shinyanga, na nyinyi mnaovifadhili, nawaomba: baada ya ngoma acheni saa nzima ya maneno ya watu, na mgeni rasmi awe wa mwisho kusema.

Niliwahi kuona wasichana wakiigiza chagulaga. Mnaijua: binti anatoka gulioni, vijana wanamzingira njiani, wanamwambia achague mmoja wao, na hawamwachii njia mpaka achague. Waliocheza vijana walikuwa wasichana vilevile, wameshika fimbo za kuchungia. Kapu la binti lilianguka, viazi vikabingirika hadi miguuni mwa watu. Uwanja ulicheka, maana kila mmoja aliitambua njia ile. Yule binti hakuchagua. Alitoka katikati ya duara, akaenda kupiga magoti mbele ya mzee aliyeketi kwenye kigoda cha mbele.

"Shikamoo babu. Na wewe bibi ulimpata hivi?"

Kicheko kilikatika. Mzee alivua kofia, akaishika magotini kwa muda mrefu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tulimzingira. Alilia."

Nyuma yake mwanamke mmoja alisimama akaanza kueleza yake, kisha mwingine, na mwingine. Jua lilizama viazi vikiwa bado mavumbini, na hakuna aliyehama.