Selimundu na kazi ya damu

Zaidi ya nusu ya damu ya binadamu ni plazima, yaani majimaji ya manjano yanayobeba chakula, homoni na taka, na ndani yake mna chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, chembe sahani zinazogandisha damu penye jeraha, na chembe nyekundu, ambazo watu wa jiji la Lubumbashi, nchini Kongo, wana sababu ya kuziangalia kwa makini zaidi. Hizo husafirisha oksijeni kwa himoglobini, protini yenye madini ya chuma. Lakini kwa mgonjwa wa selimundu, ambaye Wakongo wengi humwita SS, aliyerithi himoglobini yenye kasoro kwa baba na kwa mama, chembe laini ya duara hupinda kama mundu inapokosa oksijeni, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kisha hufa baada ya siku zipatazo 20 badala ya 120. Aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, ndiyo maana hajijui, tena hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali; lakini wawili wa namna hiyo wakioana, wanaweza kuzaa mtoto SS. Vijana wa mtaa wa Golf, Lubumbashi, wanaoposana, basi, na wapime himoglobini zao kabla mahari haijatolewa.