Hesabu ya Samaki Hufanywa Alfajiri

Juma lililopita alinijia jirani yangu, kijana mwenye adabu zake, ambaye amejitengenezea hodhi la vioo sebuleni kwake, akalitia changarawe, akapanda ndani yake mimea ya majini ya namna tatu nne, na sasa, baada ya kuiona mimea ile imeshika mizizi na kuchipua, akataka nimwambie neno moja tu: atie samaki wangapi. Alikuja na kalamu na karatasi, akingoja nimtajie idadi aiandike aondoke. Nami idadi sikuwa nayo. Nikamkaribisha kahawa, nikamwambia kwamba jambo hili lina hikaya yake, na kwamba nitalileta hapa redioni, kwa kuwa wenye mahodhi majumbani wameongezeka siku hizi, na aghalabu yao huuliza swali hilo baada ya samaki kufa.

Iko kaida moja ya zamani, iliyoenea Marekani kwa watu wenye uraibu huu, isemayo kwamba kila galoni ya maji hubeba inchi moja ya samaki. Hodhi la jirani yangu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54 kwa hesabu ya dukani. Lakini toa changarawe ya kimo cha sentimita 5, toa sentimita 3 za juu ambazo hazijazwi maji ili samaki wasirukie nje, toa na jiwe na kipande cha gogo alichokiweka kwa urembo, si ajabu ukakuta yamebaki maji ya lita 40, ambazo ni galoni 10 na nusu za Kimarekani. Basi kwa kaida hiyo anaruhusiwa inchi 10 za samaki. Je, ni samaki kumi wa inchi moja moja, au ni mmoja wa inchi kumi? Kaida haisemi, ilhali tofauti yake ni kubwa mno, maana mwili haukui kwa urefu peke yake: samaki aliyemzidi mwenziwe urefu mara mbili humzidi uzito takriban mara nane, na huyo wa inchi kumi ana nyama sawa na wenziwe elfu moja wa inchi moja wenye umbo kama lake. Kuwahesabu kwa rula ni kama kuwagawia tembo na paka posho moja kwa sababu wote wana miguu minne. Walakini sikuitupa kaida hiyo moja kwa moja. Kwa samaki wadogo, wembamba, wasiozidi sentimita 5 wakiisha kukua, inafaa kuwa makisio ya kuanzia, maadamu mtu apime urefu wa samaki mzima, asipime wa kitoto anachokiona dukani.

Zamani, kabla ya pampu za umeme kuwako, alikuwapo London mkemia mmoja, Robert Warington, ambaye mwaka 1850 alichapisha habari za jaribio lake: chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12 hivi, maji ya chemchemi yakafika nusu yake, mchanga na tope chini, mche wa Vallisneria ukapandwa humo, na juu kifuniko cha melimeli. Na samaki? Wawili tu, samaki wa dhahabu, tena wadogo. Hata kwa hao wawili, majani ya mmea ule yalipoanza kuoza maji yalichafuka, ikambidi atie konokono wa majini wayale yale mabovu. Konokono wakataga, na mayai yao yakawa riziki ya samaki. Kisa hiki napenda kumsimulia kila anayeniambia kwamba hodhi lenye mimea hujisafisha lenyewe, maana mtu aliyeushuhudia mmea na samaki wakisaidiana kuishi, ambaye kama angeingiwa na ghururi tungemwia radhi, alitosheka na samaki wawili katika maji ya galoni sita za Kiingereza.

Msaada wa mimea ni wa kweli, siukanushi. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa yake kupitia matamvua, na amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Viko vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika changarawe na katika chujio, ambavyo kundi lao moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Na makundi hayo hayajengeki kwa siku moja, bali kwa majuma manne hadi sita, na ndiyo sababu hodhi lililojazwa maji jana na samaki leo hugeuka kaburi kabla ya mwezi kuandama. Mmea nao huinywa amonia hiyo, ukaifanya majani. Lakini mimea haiko sawa: iko inayorefuka upesi hata ikulazimu kuikata kila juma, na iko kama Anubias, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu ya kupendeza, ambao hukaa mwezi mzima ukaongeza jani moja au mawili, na ulaji wake ni huo huo mdogo. Nilimwambia jirani yangu kwamba kipimo cha msaada wa mimea yake ni mkasi. Majani anayoyakata na kuyatoa nje ndiyo taka iliyotoka majini, na asiyepata cha kukata asidhani amesaidiwa sana.

Ila mimea ina tabia yake ya usiku, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Mchana, kukiwa na mwanga, hutoa oksijeni kwa wingi hata ukaona vitone vya hewa vimeganda juu ya majani kama lulu, na samaki wakatembea kwa raha. Mwanga ukitoka huacha kuitoa, nayo huendelea kupumua kama sisi, ikigombea na samaki na vijidudu akiba ile ile, ambayo huzidi kupungua saa baada ya saa hadi karibu na mapambazuko. Hayo mimi nilifunzwa na hasara. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na hodhi la ukubwa kama la jirani yangu, lenye mimea iliyosongamana mpaka mgeni mmoja akasema nimehamisha mto nikauingiza ndani, na mimi, kwa kusifiwa, nikaongeza samaki hadi wakafika thelathini, na muuzaji wangu hakunikataza, maana muuzaji gani hukataza? Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Nilipoamka kwa swala ya alfajiri niliwakuta waliobaki wameelekeza vinywa juu wakihema, na kumi na wanane wamekwisha kuelea. Mimea ilikuwa mizima, haikupoteza hata jani.

Nimetaja Februari kwa makusudi. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hodhi lao hulitia kipasha maji. Sisi wa mwambao, wakati wa kaskazi, maji yaliyotulia chumbani hufika nyuzi 30 bila ya kupashwa na mtu. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hewa huwa na miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita. Ya nyuzi 30 huwa na 7 na nusu tu, na samaki katika joto hilo huhitaji zaidi, si pungufu. Mwenye kukisia kwa kitabu cha Ulaya naye akaa Tanga hana budi kutoa fungu katika makisio yake.

Kisha kuna samaki wenyewe na tabia zao. Kisiwani Unguja, katika vidimbwi vya mvua, yuko samaki mdogo aitwaye Nothobranchius guentheri, ambaye mayai yake hungoja ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi, na ambaye wafugaji wa Ulaya humwonea fahari; madume wake ni wagomvi, na madume wawili katika hodhi dogo huwa ni wengi kuliko samaki kumi wa jamii ya wapole. Gapi nao hawana ugomvi, lakini jike lao huzaa kila baada ya mwezi hivi, makumi kwa mara moja, tena akiisha kukutana na dume mara moja huweza kuendelea kuzaa kwa miezi bila ya dume. Na mimea, ambayo mtu aliitegemea impunguzie mzigo, ndiyo huwaficha watoto wasiliwe.

Jirani yangu alipomaliza kikombe cha pili nilimpa idadi yake: gapi madume watupu, wa sentimita 3 kila mmoja, wanne kwanza, na wanne baada ya majuma matatu. Kaida ya inchi ingemkomesha hapo kwenye wanane. Wawili wa ziada nimempa kwa ajili ya mimea yake, awatie baada ya miezi mitatu, na asizidi kumi. Alionekana kusikitika kidogo.

Nawe msikilizaji uliyekusudia kwenda dukani kesho, nakuomba uamke kwanza saa kumi na moja alfajiri, kabla hujawasha taa ya hodhi, umulike kwa kurunzi uwatazame ulio nao. Ukiwakuta chini, wametulia penye majani, nenda; ukiwakuta juu wanahema, fedha yako iache mfukoni.