Mtoto Anaponyamaza: Maneno kwa Wazazi



Mitihani ya kidato cha nne ya mwezi Novemba inapokaribia, tunawaona watoto wanaolalamikia tumbo kila asubuhi, na daktari haoni ugonjwa. Hofu ya mtoto husemea mwilini: tumbo, usingizi wa kukatikakatika, hasira isiyo na chanzo. Mezani huulizwa alama tu, tena mbele ya binamu aliyepata daraja la kwanza! Twawasihi, mwulizeni kwanza ameshindaje, kisha nyamazeni mpate kumsikia.

Kuhusu dawa za kulevya, aibu ndiyo inayotudhuru zaidi. Familia huficha, kijana hupelekwa kwa mjomba ng'ambo, na matibabu huchelewa. Uraibu wa heroini una tiba: Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, nayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Safari hiyo ni ndefu, yahitaji mtu wa kumsindikiza.

Mtoto mwenyewe aweza kupiga simu namba 116, bila malipo. Asipoweza kuwaambia ninyi, na awaambie hao.