Mwenye Gazeti na Mwenye Serikali: Haki ya Msomaji Kujua





Nimepewa dakika chache kuzungumzia swali moja: Je, msomaji anayo haki ya kumjua mwenye gazeti, na kujua anaonana na nani? Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wangu unatoka Uingereza.

Tarehe 4 Januari 1981, Rupert Murdoch alikula chakula cha mchana na Waziri Mkuu, Margaret Thatcher, huko Chequers, nyumba ya mapumziko ya Mawaziri Wakuu. Wakati huo Murdoch alikuwa tayari anamiliki The Sun na News of the World, naye alitaka kununua The Times na The Sunday Times. Kwa kawaida ununuzi wa namna hiyo ulipelekwa kwenye tume iliyochunguza biashara zinazohodhiwa na wachache. Lakini mwezi huo huo serikali iliamua usipelekwe huko, kwa hoja kwamba magazeti hayo hayakuweza kujiendesha. Hivyo akayanunua.

Kumbukumbu ya mlo ule iliandikwa, nayo yaonyesha kwamba ununuzi huo ulizungumzwa mezani. Haisemi kwamba Murdoch aliahidiwa lolote. Yasema tu kwamba alitakiwa heri. Hata hivyo, wananchi hawakuisoma mpaka Machi 2012, yaani baada ya miaka 31!

Ndugu zangu, hapo ndipo penye dhuluma. Ikiwa mazungumzo yale yalikuwa safi, usiri uliwatia wahusika katika shaka wasiyostahili. Na ikiwa hayakuwa safi, usiri uliwanyima wananchi nafasi ya kuhoji wakati kuhoji kungalifaa. Kwa vyovyote vile, aliyepata hasara ni msomaji.

Funzo hilo lilichelewa kueleweka. Mwaka 2011 ilipofichuka jinsi News of the World lilivyodukua ujumbe wa simu za watu, gazeti hilo lilifungwa. Ndipo serikali ya Uingereza ilipoanza kutangaza mikutano ya mawaziri na wenye magazeti pamoja na wahariri. Jaji Leveson, katika ripoti yake ya Novemba 2012, naye alisisitiza uwazi huo.

Je, yatosha kuandika orodha? La hasha! Orodha isiyosomwa ni sawa na taa iliyofunikwa. Hivyo basi, kila tunaposhika gazeti au kufungua redio, tuulize: Ni mali ya nani? Mwenyewe anatafuta nini serikalini? Ni habari gani haisemwi kamwe?

Na mizani hii tusiwapimie wengine tu. Jarida la jumuiya yoyote, hata likiwa dogo, nalo liwaambie wasomaji wake ni nani anayeligharimia. Anayedai uwazi na aanze na nyumba yake.