Mti Gani? Habari za Misitu na Joto la Nchi

Neno tunalotaka kulieleza leo ni hili: watu wapandapo msitu, je, yatosha kuhesabu miti, au yafaa pia kuuliza ni miti ya aina gani? Yamkini wengi watajibu upesi kwamba mti ni mti, na kila mti huleta ubaridi. Basi na tutazame yaliyotukia katika bara la Ulaya, kisha tuamue.

Hapo kale sehemu kubwa ya Ulaya ya kati na ya magharibi ilikuwa na misitu ya miti ya majani mapana, kama mwaloni. Miti hiyo hupukutisha majani wakati wa baridi, na huchipua tena jua lirudipo. Lakini watu walihitaji kuni, na makaa ya kuyeyushia madini, na mbao za merikebu na nyumba, wakakata kupita kiasi. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya Saxony katika Ujerumani, aliandika kitabu akiwahimiza watu wasikate kuliko kiasi kinachoota tena. Onyo hilo lilikuwa la hekima. Lakini waliopanda baadaye walipenda hasa miti ya jamii ya msonobari, yenye majani membamba kama sindano, kwa kuwa hukua upesi, hunyoka, na huleta fedha mapema.

Tangu mwaka 1750 hata 2010 misitu ya Ulaya iliongezeka kwa kadiri ya kilomita za mraba 196,000. Habari hiyo ni njema kuisikia. Lakini ndani yake mna jambo jingine: misitu ya jamii ya msonobari iliongezeka kwa kilomita za mraba 633,000, eneo linalopita nchi nzima ya Kenya, na ile ya majani mapana ikapungua kwa 436,000. Mwaka 2016 Kim Naudts na wenzake walitangaza hesabu zao katika jarida la elimu liitwalo Science. Waliona kwamba mabadiliko hayo ya misitu hayakuipoza Ulaya, bali yaliongeza joto la miezi ya jua kali kwa digrii 0.12 hivi.

Yawezekanaje msitu kuongeza joto? Sababu zilizo kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni rangi. Ninyi wanafunzi, twaeni vitambaa viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, mviweke juani kwa muda, kisha mviguse. Cheusi kitakuwa na moto zaidi, kwa kuwa humeza mwanga ambao cheupe huurudisha. Vivyo hivyo msonobari, wenye majani ya kijani kizito, humeza jua zaidi kuliko miti ya majani mapana yenye rangi nyepesi.

Ya pili ni jasho. Kila mtu ajua kwamba maji ya mtungi wa udongo huwa baridi. Maji hupenya polepole katika udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Mti nao hufanya kazi ya mtungi: mizizi huvuta maji, na majani huyatoa kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Huko Ulaya, katika miezi ya jua kali, miti ya majani mapana kwa kawaida hutoa mvuke mwingi kuliko misonobari, na hivyo huipoza hewa zaidi.

Labda mtu atasema kwamba digrii 0.12 ni kitu kidogo. Lakini huo ni wastani wa bara zima, nao huja juu ya joto liletwalo na moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Aliyetumwa kuzima moto akiongeza ukuni, hata ukiwa mdogo, hatuwezi kumsifu.

Tena yako madhara mengine. Katika ukame wa miaka 2018 hata 2020, misitu mingi ya Ujerumani iliyopandwa aina moja tu ya jamii hiyo ilidhoofika, ikaliwa na wadudu wa magome, na mabonde ya milima ya Harz yakajaa miti mikavu. Ndipo watu walipozidi kupanda miti ya aina mbalimbali pamoja.

Hatusemi kwamba msonobari ni mti mbaya. Kaskazini ya Ulaya ndiko kwao, na mbao zake zina faida nyingi. Hata kwetu, katika Sao Hill nchini Tanzania, misonobari imepandwa kwa ajili ya mbao. Hesabu za Ulaya hazifai kuhamishiwa kwetu vivi hivi, maana jua letu na mvua zetu ni nyingine. Lakini maswali yatufaa. Kabla ya kutia mche ardhini na tuulize: Mti huu utatumia maji kiasi gani, na kijito cha chini kitabaki na kiasi gani? Tunautaka kwa mbao, kwa kivuli, au kwa kulinda maji? Na ukija ukame au mdudu, je, itakuwako aina nyingine itakayobaki imesimama?

Anayepanda mti hupanda kivuli cha wajukuu. Basi na achague kwa ajili yao pia.