Mawe ya Mpaka na Mawe ya Wazee

(Hotuba kwa watu wa Lunga Lunga)



Nimeombwa niseme machache juu ya alama za kale za pande hizi za Mto Umba. Kazi yangu ni kufasiri maandiko ya Serikali, na humo neno "mpaka" halikosekani. Mpaka wa shamba twaujua sote: ni mnazi uliopandwa mbele ya mashahidi. Mpaka wa nchi, huku kwetu, ulipigwa kwa rula juu ya karatasi huko Ulaya.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mstari wao uanzie mlango wa Mto Umba, uende hata Ziwa Jipe. Kwa mapatano ya mwaka 1893 mwanzo wake ukawekwa Rasi Jimbo, na Vanga ikabaki upande wa Waingereza. Wadigo, Wasegeju na Wavumba walikuwako pande zote mbili, wala hawakuulizwa.

Mstari ule haukuwa mchezo. Mwezi wa Aprili, 1896, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa akipigana na Waingereza tangu mwaka uliotangulia, aliuvuka pamoja na watu wake akajitia mikononi mwa Wajerumani. Alikaa huko hata akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Tena tarehe 18 na 19 Januari, 1915, vita vilipiganwa Jasini, ng'ambo tu ya mpaka. Askari wa Kihindi walioilinda boma kwa upande wa Waingereza walishindwa. Lakini Wajerumani nao walipoteza maofisa na risasi nyingi, hata mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, akaona hawezi kurudia mapigano ya namna ile mara nyingi.

Alama za mpaka hazikosi mlinzi, kwa kuwa zimo katika ramani na mapatano. Hata Kenya na Tanzania zilipoafikiana juu ya mpaka wa baharini, kwa barua za mwaka 1975 na 1976, alama ya Rasi Jimbo ilitajwa. Je, mawe ya wazee wetu yanalindwa na nani?

Karibu na Vanga kuna magofu ya Vumba Kuu, mji wa kale ambao watawala wake waliitwa Diwani. Habari zao ziliandikwa na Bwana A. C. Hollis mwaka 1900, naye alizipata kwa wenyeji wenyewe. Kama wazee wale wangalinyamaza, leo tungekuwa na mawe tu. Huko Gazi, mlango wa nakshi wa nyumba ya Mbaruk ulipelekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, ukahifadhiwa. Lakini gofu zima haliwezi kuchukuliwa likawekwa Mombasa. Hulindwa pale pale lilipo, na watu wa pale pale.

Jambo hilo lawezekana. Tazameni Kaya Kinondo, karibu na Diani. Wazee wamekataza kukata miti, na mgeni haingii bila kufunga kaniki. Mwaka 2008 kaya za Wamijikenda, na Kinondo ikiwamo, ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ilikuta msitu ungali umesimama, kwa sababu ya miiko ya wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, jiwe la gofu au la kaburi la kale lisichukuliwe. Tumbawe lafaa kwa ujenzi na kwa chokaa, na hiyo ndiyo hatari yake. Likiisha kutiwa tanuuni halirudi. Pili, mtu akilima akafukua vigae, sarafu au ukuta wa kale, aache kuchimba, apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa, kama itakavyo sheria ya mwaka 2006. Tatu, walimu wawapeleke watoto kwa wazee wakaandike majina: kisima hiki ni cha nani, kaburi lile ni la nani, na kwa nini mahali hapa paliitwa hivi. Kazi hii haina gharama ila daftari na kalamu, lakini haingoji, maana mzee akifa hatuna wa kumwuliza.

Nguzo ya mpaka hutuambia nchi inakoishia. Kwamba sisi tulikuwapo kabla yake, hayo yamo katika mawe ya wazee, na ulinzi wake ni juu yetu.