Mafuta na Sabuni za Nyumbani: Vipimo Kwanza, Soko Baadaye

(Mazungumzo kwa vikundi vya akina mama na vijana wanaotengeneza bidhaa za ngozi)



Karibu kila nyumba ya Pwani inajua kukuna nazi, na karibu kila boma lina mwarobaini. Ndiyo maana vikundi vingi vinapotafuta mradi wa kwanza huanza na mafuta ya nazi, sabuni ya mwarobaini au mafuta ya kupaka yenye nta ya nyuki. Malighafi ipo na wateja wapo. Lakini neno "asilia" likiandikwa kwenye chupa si hakikisho la usalama. Kinachomlinda mteja ni kipimo, usafi na ukweli wa anayeuza.

Mafuta ya nazi ni mahali pazuri pa kuanzia. Tui zito huachwa litulie usiku kucha, kisha tabaka la juu hupikwa kwa moto mdogo hadi maji yaishe na mafuta yajitenge. Mafuta yakiacha kutoa mapovu na kuchachatika, maji yamekwisha. Hapo huchujwa kwa kitambaa safi na kutiwa kwenye chupa iliyokauka kabisa, kwa sababu maji yakibaki ndani, mafuta huharibika na kunuka mapema.

Kanuni hiyo hiyo inahusu krimu. Bidhaa yoyote yenye maji, iwe ni maji ya waridi, utomvu wa alovera au maziwa, huota vijidudu baada ya siku chache ikiwa haina kihifadhi, hata kama haijabadilika rangi wala harufu. Kikundi kinachoanza na kisicho na utaalamu wa vihifadhi kibaki na bidhaa zisizo na maji. Mfano ni mafuta ya mgando: sehemu 1 ya nta ya nyuki kwa sehemu 3 za mafuta ya nazi, kwa uzito. Viyeyushwe kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Anayeishi sehemu za baridi anaweza kupunguza nta, lakini huku Pwani mafuta ya nazi huyeyuka joto likifika nyuzi 24 hivi, na nta ikiwa kidogo, kopo litamwagika mkobani mwa mteja.

Sabuni inahitaji tahadhari zaidi. Sabuni haitengenezwi bila kostiki soda, na kostiki soda huchoma ngozi na kupofusha macho. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda safi ili mafuta yote yageuke sabuni. Kwa kuwa sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi, hutosha kutumia gramu 150 hivi na gramu 300 za maji, ili mafuta mengine yabaki. Vipimo hivi ni vya mafuta ya nazi peke yake, na kila aina ya mafuta ina kipimo chake. Mizani ya dijitali ni lazima. Kupima kwa kijiko au kwa kopo ni kubahatisha na ngozi ya mtu.

Kostiki soda hutiwa kwenye maji, wala si maji kwenye kostiki soda, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kuchemka na kuruka usoni. Sufuria za kawaida za alumini hazifai, kwa kuwa kostiki huzila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa, na weka watoto mbali. Ikimwagikia ngozi au jicho, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali. Mtoto akiimeza, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali mara moja. Sabuni ikishakatwa, iachwe ikauke kwa wiki 4 kabla ya kuuzwa.

Vipo pia vitu vya kuachwa kabisa. Maji ya limau yakipakwa ngozini na mtu akatoka juani, huweza kuacha malengelenge na madoa meusi. Mafuta ya nazi si kinga ya jua, na asiambiwe hivyo mtu yeyote, hasa mwenye ualbino. Mafuta ya mwarobaini ni ya kupaka tu. Hayanywi, na yanaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya.

Wapo wateja watakaoomba kitu cha "kung'arisha". Tangu 1998 Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Kikundi kinachochanganya krimu ya magendo kwenye mafuta yake ili yauzike haraka kinamtia mteja sumu, na kinavunja sheria.

Anayetaka kutumia alovera aipande. Mishubiri ya porini inalindwa, na kuivuna kibiashara kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kabla ya kuuza, kila bidhaa mpya ijaribiwe kidogo ndani ya mkono na kusubiriwa saa 48. Kila kopo liandikwe viungo vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na mawasiliano ya mtengenezaji. Daftari la kila mchanganyiko liwekwe, ili mteja mmoja akiwashwa, ijulikane ni mchanganyiko upi uondolewe sokoni. Kisha kikundi kiombe alama ya ubora ya KEBS. Bila alama hiyo, milango ya maduka makubwa hubaki imefungwa.

Safari hiyo ianzie katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yenu, kabla pesa za kikundi hazijaishia kwenye chupa na vibandiko. Mteja mmoja akiungua, habari zitafika soko zima kabla ya jua kutua, na jina la kikundi likiharibika, kulisafisha ni kazi ya miaka. Haraka haraka haina baraka.